Mstari wa Hamsini na Nane

Kambini, Alhamisi, 4 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Kurasa mbili, na neno "salama" limo mara tano. Nyumba salama, kompyuta salama, mchezo salama, wachezaji salama, na mwisho kabisa "kaka usihangaike, kila kitu salama." Mimi ni fundi wa mafriji. Mteja akiniambia mara moja kwamba friji lake ni zima, namwamini. Akiniambia mara tano, nachukua bisibisi nalifungua mgongo.

Nilikuomba vitu vitatu kila wiki: wangapi wameingia mchezoni, nani kalalamika, kalalamikia nini. Hujaniletea hata kimoja. Hapa kambini bonde limetuziba pande zote, simu haishiki mtandao, na simu ya redio ni ya wahandisi. Nina lori la Alhamisi tu, linaloleta barua na kuondoka nazo. Kwa hiyo macho yangu ni wewe, na macho yenyewe yananiambia "salama".

Ule mchezo sikupewa na mtu. Nilijifundisha kuandika programu kwenye kitabu kisicho na jalada, nikikisoma wakati wa chakula huku wenzangu wananicheka, eti fundi gesi anatunga michezo. Hauna hata picha moja, ni maneno matupu. Unaandika "vuka mto", unajibiwa kama umevuka au umesombwa. Na bado watu mia moja na ishirini wana wahusika wao mle ndani, wengine wana miaka sita wanawakuza alama kwa alama. Wote wamo kwenye kompyuta hiyo iliyoko chumbani kwangu. Wakipotea, hakuna duka la kwenda kuwanunua wengine.

Ndiyo maana nilikwambia: washa, zima, futa vumbi. Basi.

Niambie nani kalalamika.

Kaka yako


Nyumbani, Jumatatu, 8 Mei

Kaka,

Shikamoo. Naanza mimi, maana wewe siku hizi unaruka salamu unaingia kwenye hesabu.

Haya, malalamiko. Sikuyaandika kwa sababu ni vichekesho. Mama Mshonaji anasema ameingia mchezoni akajikuta ni mzee wa jicho moja mwenye punda. Mwalimu naye anasema mchawi wake amegeuka msichana muuza chumvi, na yeye neno lake la siri ni lilelile, jina lake ni lilelile. Kanipigia simu ofisini, mbele ya watu: "Dada, nimekuwa binti." Wenzangu wakadhani ni mgonjwa.

Muuza Magazeti hana shida yoyote, anakusalimu. Na Kinyozi ndiyo kabisa, anakusifu kila anaponiona barabarani. Anasema wiki nzima hajafa hata mara moja, umemtengenezea mtu mwenye mbio.

Kwa hiyo watatu kati ya wanne wanacheka, kasoro Mwalimu. Mimi nimefuta vumbi tu, kama ulivyosema. Kula vizuri huko.

Mdogo wako


Kambini, Alhamisi, 11 Mei

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba. Sasa tuingie kwenye hesabu.

Muuza Magazeti yuko mstari wa 6. Mama Mshonaji yuko wa 24, na yule mzee mwenye punda ni mhusika wa mstari wa 21. Mwalimu yuko wa 110, na muuza chumvi ni wa 101. Sita kutoa sita, sifuri. Ishirini na nne kutoa ishirini na moja, tatu. Mia moja na kumi kutoa mia moja na moja, tisa.

Vumbi gani hilo lenye majina tisa?

Sikiliza, maana nilipaswa kukueleza kabla sijaondoka na sikukueleza. Hilo ni kosa langu, na nalitaja mara moja tu. Kuna mafaili mawili. Moja lina majina ya wachezaji na maneno yao ya siri. La pili lina wahusika: nguvu zao, mizigo yao, mahali walipo. Mchezo unayaunganisha kwa namba ya mstari, hauna njia nyingine. Jina la mstari wa kumi linapewa mhusika wa mstari wa kumi. Ukitoa jina moja katikati, wote walio chini yake wanapanda ngazi moja, lakini wahusika wao wanabaki palepale. Kila mtu anavaa mwili wa aliyekuwa juu yake. Wewe umetoa tisa, watatu kati yao kabla hata ya kufika 24.

Zima kompyuta. Usiguse kingine. Niandikie namba zote tisa. Na kama <u>58</u> yumo, iandike ya kwanza, hata juu ya bahasha.

Kaka yako


Nyumbani, Jumatatu, 15 Mei

Kaka,

58 yumo.

Nisamehe. Nilijua nimeharibu kitu tangu siku ya pili, nikawa naandika "salama" nikidhani litajirudi lenyewe. Kuna dada wa maabara aliniomba nimwingize mchezoni, kompyuta ikakataa, ikasema nafasi ni mia moja na ishirini na zimejaa. Nikafungua faili la majina nikakuta watu hawajaonekana mwaka na zaidi. Wewe unanijua nafanya kazi masijala. Kwetu hospitalini, mgonjwa asipoonekana mwaka mzima faili lake linatolewa rafuni, na mengine yanasogezwa yasiache pengo. Pengo kwetu ni uchafu, mkuu wangu akiliona anauliza nani analala kazini. Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nikasogeza.

Lakini sitoi faili bila rejista, hata nyumbani. Nimeyaandika yote kwenye daftari, majina na maneno ya siri, na namba zake: 7, 19, 23, 31, 44, 58, 60, 83, 97. Huyo wa 58 anajiita Sijali, hajaingia miezi kumi na saba.

Sijaizima. Barua yako ilipofika kulikuwa na watu kumi na wanne ndani na sikujua nikizima kinapotea nini. Sikutaka kukosea mara ya pili kwa haraka zako.

Halafu hiyo 58 umeipigia mstari mpaka karatasi imechanika. Ni nani? Kama ni mwanamke niambie, mimi si mtoto.

Mdogo wako


Kambini, Alhamisi, 18 Mei

Mdogo wangu,

Ni mwanangu.

Ndiyo, yeye. Binti yangu, mpwa… sijui hata mnaitanaje siku hizi, miaka mingapi hamjaonana. Wifi yako alipohama naye, kila simu niliyopiga iliishia kwa makelele. Mtoto akaingia mchezoni kimya kimya, akajiita Sijali, miaka kumi na mitatu. Aliniambia mimi tu. Kila Jumamosi saa kumi tulikuwa tunakutana darajani, mle ndani, yeye na mzigo wake wa kuni na mimi na taa yangu. Tunaandikiana mistari miwili mitatu. Hakuna mchezaji aliyejua, na wewe sikukwambia, maana ningekwambia ungemwambia mama yake, na mama yake angemnyang'anya simu.

Halafu nguvu zake zikapanda kutoka 11 hadi 14. Watu wakaanza kuandika kwenye ubao wa matangazo: Sijali anapendelewa. Mimi nikaogopa watajua ni wangu. Mchezo wote nimeujenga juu ya neno moja, haki. Nikamkata alama tatu, nikatangaza ubaoni mbele ya wote kwamba hakuzistahili. Siku hiyo aliingia nyumba ya wageni, akaandika "lala", na hajaamka hadi leo. Nimekuwa nikifungua faili kila wiki kutazama tu kama mstari wake upo. Siku akirudi, nilitaka akute kila kitu alipokiacha. Ni hicho tu ninacho cha kumwonyesha.

Sasa tazama. Kinyozi yuko mstari wa 65. Uliowatoa juu yake ni saba. Sitini na tano kutoa saba, hamsini na nane. Huyo "mtu mwenye mbio" anayemsifu ni mwanangu. Na Kinyozi mimi namjua: amekufa mara kumi na moja tangu ajiunge, anaingia kwenye pango lolote lenye mdomo. Anayekufa mchezoni anafutika mstari mzima, anaanza na sifuri. Na kila anapoandika "lala", aliyoyafanya yanahifadhiwa juu ya aliyoyaacha mtoto.

Nimemfuata mhandisi nikamwomba simu ya redio. Akauliza dharura gani. Ningemwambia nini? Mwanangu amevaliwa na kinyozi? Nikasema ni mambo ya nyumbani. Akasema kila mtu hapa ana nyumbani. Leo nimejaza gesi kwenye friji la jikoni mara mbili bila kuangalia kipimo, mpishi kaniuliza kama naumwa.

Usimpigie simu Kinyozi. Nenda mwenyewe.

Kaka yako


Nyumbani, Jumatatu, 22 Mei

Kaka,

Nimekwenda. Barua yako imefika Ijumaa mchana, nikaaga masijala nikisema nina msiba, Mungu anisamehe. Nimekaa na barua hii siku mbili nikijaribu kuiandika vizuri.

Nilimkuta ana mteja kitini, upande mmoja umenyolewa, upande mmoja bado. Simu yake ameiegemeza kwenye kioo, mchezo uko wazi.

Nikamwuliza, "Wewe mchezoni sasa hivi ni nani?"

"Sijui, dada yangu, lakini ana miguu huyo!"

"Uko wapi?"

"Mlango wa pango."

"Toka hapo!"

"Sijaingia. Mbona unanifokea mbele ya wateja?"

Mteja naye: "Dada, mfokee, lakini amalizie kichwa kwanza."

Nikakaa kwenye benchi, nikamweleza yote. Mstari, namba, na kwamba mwenye mwili huo yupo. Sikumwambia ni wako. Kinyozi akazima mashine. Halafu akasema, "Mimi nilijua ni mtu wa watu." Kumbe siku ya kwanza tu aliuza viatu vyake na kisu. Alipopekua mfuko zaidi akakuta karatasi, ile ambayo wachezaji wanaweza kuandika na kubeba. Juu yake imeandikwa "Kwa Mwenye Mchezo". Akaisoma. "Si yangu, lakini ilikuwa mfukoni mwangu, ungefanyaje?" Anasema tangu hapo akawa anakwenda kwa adabu. Joka amelikimbia. Huko pangoni alikuwa anachungulia tu, ndiyo maana wiki zote hizi hajafa. Kaka, mwanao amelindwa na mtu unayemdharau.

Nilimwomba anisomee. Nimenakili neno kwa neno:

"Nimevuka mto na mzigo mara thelathini. Hesabu mwenyewe. Nasubiri."

Nikarudi nyumbani, nikafungua faili la wahusika nikautazama mstari wa 58, safari hii bila kusogeza kitu. Nguvu 11. Safu ya mwisho kabisa, ile uliyoiita "mto", inasema 34. Kinyozi anaapa nne ni zake.

Kompyuta nimeizima. Majina tisa nimeyarudisha kutoka kwenye rejista, kila moja kwenye mstari wake, nikahesabu mara tatu, nikawasha. Mwalimu ni mchawi tena. Mama Mshonaji ameagana na punda kwa shida. Dada wa maabara nimemwambia asubiri mtu afe kweli.

Lakini kaka, hiyo karatasi ilikuwa mfukoni mwake miezi kumi na saba. Ulikuwa unafungua faili kila wiki. Hukuwahi kuisoma?

Mdogo wako


Kambini, Alhamisi, 25 Mei

Mwanangu,

Shangazi yako amenipa anwani yenu. Usimkasirikie.

Sikuisoma karatasi yako. Nilijiwekea sheria tangu siku ya kwanza kwamba mwenye mchezo hapekui mifuko ya wachezaji. Nilikuwa naitazama namba ya mstari wako, nikiona ipo nafunga faili. Nilijivunia hiyo sheria. Wewe ulikuwa unasubiri jibu, na mimi nilikuwa nasubiri uamke, na tulikuwa kwenye mstari mmoja.

Kila kuvuka mara kumi na mzigo ni alama moja. Thelathini gawanya kwa kumi ni tatu. Hesabu ya darasa la tatu. Kanuni yenyewe niliiandika mimi, na safu ya mto niliiweka mimi, na siku ile sikuitazama. Nilitazama kelele za ubaoni.

Nawe pia ungeweza kuniambia kwa mdomo, pale darajani. Karatasi mfukoni si barua. Lakini ulikuwa na miaka kumi na sita na mimi nilikuwa na arobaini na tisa, kwa hiyo silidai hilo.

Nimemwagiza shangazi yako aandike 14. Mahali pako papo.

Baba yako


Alhamisi, 1 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nilirudi kabla hujaniandikia. Tarehe 29 Aprili, siku niliyomaliza mtihani wa mwisho. Nilikaa kwenye kompyuta ya shule, nikaandika jina langu na neno la siri. Ikanijibu: "Hakuna mtu wa jina hilo." Nikaandika tena polepole, nikidhani nimekosea herufi. "Hakuna mtu wa jina hilo." Nikaondoka. Nilimwambia mama kwamba umenifuta, na mama, ambaye huwa ana la kusema kila ukitajwa, siku hiyo alinipeleka dukani. Alininunulia soda.

Mwezi mzima nimetembea nikijua kwamba umenifuta. Shangazi alipopiga simu akaanza kunieleza mambo ya rafu na pengo, sikumwelewa, nikamwambia anieleze tena, akanieleza tena huku analia. Akanisomea barua yako kabla yenyewe haijafika, nadhani alifungua bahasha uliyompa anitumie. Mwache.

Nimeingia juzi. Nimekuta 14. Nimekuta sina viatu, na nyumba ya wageni kuna mtu amenisubiri, anajiita Kinyozi, ameninunulia vingine, vikubwa. Ni mtu mzuri. Anaongea sana.

Ila wa pili kukutana naye ameniandikia: "Sijali! Umerudi? Na alama umerudishiwa? Kweli una mtu." Wengine wakacheka.

Baba, ulinikata mbele ya watu mia moja na ishirini. Unanirudishia ndani ya bahasha. Hesabu hiyo hailingani, na wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia pande zote mbili.

Nimemwomba shangazi aiweke tena 11. Sitaki 14 ya kimya kimya.

Mwanao


Kambini, Alhamisi, 8 Juni

Mdogo wangu,

Bahasha ya mtu ni ya mtu. Mengine tutaongea nikirudi.

Nimechana karatasi nne kabla ya hii. Ya kwanza ilikuwa na sababu sita. Ya pili ilikuwa na sababu tatu. Ya tatu ilikuwa na moja, nayo ilikuwa nzuri, na ndiyo maana nikaichana. Wenzangu wananiuliza naandika kesi au nini.

Naomba uweke hili kwenye ubao wa matangazo, juu kabisa, na ubao uwekwe kwa namna ambayo kila anayeingia analisoma kabla hajapiga hatua. Likae miezi kumi na saba. Usirekebishe neno, hata ukiona limekosewa. Ukishaliweka ndipo uandike 14.

TANGAZO KWA WACHEZAJI WOTE

Desemba mwaka juzi nilimkata Sijali alama tatu za nguvu, nikasema hapa hapa ubaoni kwamba hakuzistahili. Alizistahili. Alivuka mto na mzigo mara thelathini. Idadi ilikuwa kwenye mstari wake, na mimi, ninayewahesabia nyote, sikuhesabu.

Mlisema anapendelewa. Katika mchezo huu hakuna aliyeonewa kuliko yeye. Nilimwonea kwa sababu niliogopa mtajua ni nani kwangu.

Sijali ni mwanangu.

Baba yake, ambaye ndiye pia mwenye mchezo